Usingizi Ndani ya Hema

Soko lilifurika watu, na fundi cherehani hakuinua kichwa mpaka furushi la plastiki lilipotua mbele yake.

"Dada, zipu imeachia," alisema kijana mrefu, mwembamba, miguu kama ya korongo. "Hema langu la kulalia."

"Kwani unalala porini?"

"Chumbani. Juu ya kitanda."

Fundi akacheka hadi uzi ukamponyoka. Kijana akamweleza: yeye ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Mashine hupunguza oksijeni hemani, mwili ukadhani uko kileleni mwa mlima, damu ikapata nguvu. "Na sheria inaruhusu," akaongeza, kabla hajaulizwa.

"Kaka yangu naye hukimbia," alisema fundi, akionyesha picha iliyobandikwa nguzoni.

"Yule? Namjua. Ananitoa jasho kweli!"

Zipu ikashika, mapenzi nayo yakashika. Jioni walitembea polepole chini ya taa, gauni lake la samawati likipepea. Kabla ya kulala walipigiana simu, sauti ya mkimbiaji ikitoka hemani laini, kama ya mtu aliye chini ya maji.

"Mpenzi, umeshapanda mlima?"

"Nipo mawinguni, kipenzi. Nikichungulia nakuona."

Kisha yakaja mashindano makubwa. Mkimbiaji akampita kaka yake fundi hatua chache kabla ya utepe. Fundi alivitazama vidole vyake: ndivyo vilivyoshona ile zipu.

"Umemshinda wewe, au hema?" alimuuliza kwenye simu.

"Na viatu vyangu je? Na kocha wangu? Hayo mbona huyaulizi? Kumbe unaniona mwizi."

Simu ikakatika. Siku zikapita kama ukungu, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.

Kaka ndiye aliyemcheka. "Unamnunia kwa niaba ya nani, dada? Mimi ningelipata hema hilo, ningelala humo hata mchana!"

Asubuhi moja mkimbiaji akasimama mbele ya cherehani, macho mekundu.

"Sikuvunja sheria," alisema taratibu. "Lakini nikiishika ile medali, sijui ni yangu kiasi gani. Msimu ujao nakimbia bila hema. Huenda nikashika mkia."

"Nami nilikuuliza vibaya, tena siku ya furaha yako. Nisamehe."

"Basi niulize tena."

Fundi akasimamisha cherehani. Kelele za soko zikasogea mbali. "Ukishika mkia, utalala wapi?"

"Utakaponiruhusu, mke wangu. Kama utakubali nikuite hivyo."

Fundi akainama, akijifanya anatafuta viatu vyake. "Twende ukamwambie kaka," alisema. "Ila usikimbie. Tembea, tufike pamoja."