Taulo la Wageni

“Hapa paa linavuja,” Fundi aliwaambia wale wachumba, akiwaonyesha kwa rula yake ya mbao. “Na hapa pia. Pale halivuji, ila mvua ikija na upepo litavuja.”

Binti akamtazama mchumba wake. Kijana akajikaza.

“Maji je, yapo?”

“Yapo. Mpaka saa nne asubuhi yanatoka ya kahawia, halafu yanakatika. Vyura mnawapenda?”

“Vyura?”

“Wamo kwenye tangi. Giza likiingia utadhani wana mkutano.”

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na rundo langu la funguo, natabasamu kwa meno tu. Paa la nyumba ile halijawahi kuvuja hata tone. Mwaka juzi lilibadilishwa lote, na aliyewasimamia mafundi ni mimi hapa. Maji yake ni meupe kuliko ya kwangu. Vyura walikuwepo, hilo sikatai, lakini walikuwa wawili.

Wachumba wakaaga, wakasema watanipigia. Mteja akisema atakupigia, futa namba yake. Hao walikuwa wa nne mwezi ule.

Mimi ni dalali wa nyumba za mapumziko. Huku kwetu ni milimani, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka mjini. Ijumaa jioni watu wa mjini wanapanda na baiskeli zao juu ya magari, mbwa wametoa vichwa madirishani, na Jumapili alasiri wanashuka wote. Katikati ya wiki nyumba zao nazifungua mimi, napitisha hewa, nafungulia bomba kidogo, nafunga. Nina funguo za nyumba arobaini na moja, ndiyo maana wananiita Mama Funguo. Wa kunifungulia mimi mlango sina. Mume wangu aliondoka mchana kweupe miaka kumi na moja iliyopita, akabeba na redio. Redio ndiyo iliyoniuma.

Fundi anashona mapazia ya nyumba hizo. Mumewe ni daktari wa meno, ana kliniki mjini. Miaka sita iliyopita niliwatafutia nyumba hii wakiwa wameshikana mikono kama watoto wa shule. Walipanga mke ahamie kwanza, mume awe anakuja kila Ijumaa mpaka atakapomkabidhi mwenzake kliniki, kisha aje moja kwa moja. Akaja kila Ijumaa. Baadaye ikawa Ijumaa moja moja. Sasa ilikuwa imepita miezi saba hajakanyaga, na mwezi uliopita akanipigia simu kwamba nyumba iuzwe.

Wachumba walipopotea kwenye kona, nilimfuata Fundi kwenye cherehani.

“Mdogo wangu, unaniharibia kazi.”

“Nimewaambia ukweli.”

“Ukweli gani? Paa hilo nililisimamia mimi.”

Akaendelea kukanyaga cherehani.

“Kama hutaki iuzwe, mwambie mumeo.”

“Aliponiandikia kwamba tuuze nilimjibu sawa.”

“Ulijibuje sawa na hutaki?”

“Ulitaka nijibu nini? Nimpigie magoti kwenye simu? Mtu hajafika miezi saba, kila Ijumaa ananiletea ujumbe uleule. Wiki hii sitafika, wagonjwa ni wengi. Meno gani hayo yanayouma Ijumaa tu?”

Kulikuwa na neno ambalo nilikuwa nimelibana tangu asubuhi, ikabidi nilitoe.

“Basi ujue mwenye hoteli hapo jirani ameleta ombi. Yeye haji kuangalia paa wala vyura. Anabomoa, anaweka maegesho ya magari ya wageni wake. Jumatatu mnasaini.”

Mguu wake ukasimama. Akakata uzi kwa meno, akatazama dirishani.

“Jumatatu hii?”

“Hii.”

“Sawa,” akasema. Ilikuwa sawa ya mtu anayemeza dawa chungu.

Jioni ile nikampigia Daktari.

“Shemeji, mkeo anawafukuza wateja.”

“Anawafukuza vipi?”

“Anasema paa linavuja.”

“Paa lile haliwezi kuvuja.”

“Anasema vyura wanafanya mikutano.”

Nilisikia kitu kama kicheko, au labda alikohoa.

“Mwenye hoteli si yupo?” akauliza.

“Yupo. Jumatatu.”

“Jumamosi nakuja. Niandike kama mteja. Usimwambie kwamba ni mimi.”

“Shemeji, kwenda nyumbani kwako unahitaji dalali?”

“Nahitaji,” akasema, akakata simu.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa mlangoni. Daktari alikuwa amepungua, shati limepigwa pasi vizuri, ufunguo wa gari ameukamata mkononi kama mtu anayeweza kukimbia wakati wowote. Akabisha hodi kwenye mlango aliouchagulia rangi mwenyewe.

Fundi alifungua, pini zimejaa mdomoni. Akamwona. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto cha pini alichofunga mkononi, mpaka ya mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

“Huyu ndiye mteja?”

“Ndiye,” nikasema, nikatamani ardhi inimeze na funguo zangu zote.

“Karibu, mteja. Vua viatu. Zulia bado si lako.”

Daktari akavua viatu.

“Hii ni sebule,” Fundi akaanza, rula mkononi. “Ubaya wake ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Ukipiga chafya, unajiombea afya mwenyewe.”

“Na dirisha?”

“Zuri. Linaona barabara mpaka kwenye kona. Huo nao ni ubaya. Kila gari likiwasha taa pale, unafikiri linakuja hapa.”

Daktari akatazama ile kona.

“Huku ni jikoni. Sufuria zote ni za watu wawili. Nimeshindwa kujifunza kupika cha mmoja, kinachobaki nampelekea Mama Funguo.”

Kumbe. Siku zote nilidhani ananipenda, kumbe nilikuwa nakula sahani ya Daktari. Nikainamisha kichwa nikahesabu vigae.

Tukatoka nyuma. Kando ya tangi, mbali na kivuli, mbali na kila kitu, kulikuwa na kiti kimoja cha mbao.

“Hiki mbona kiko huku peke yake?” Daktari akauliza.

“Si unajua simu haishiki ndani? Inashika hapa tu.”

“Zamani tulikuwa tunasimama, tunapiga, tunarudi ndani.”

“Zamani hakukuwa na kungoja.”

Akakishika kiti, akakivuta. Hakikutoka. Miguu yote minne ilikuwa imezama ardhini, na mbele yake majani yalikuwa yamekwisha, pamebaki udongo mtupu wenye umbo la nyayo mbili.

“Ulikuwa unakaa hapa?”

“Kila Ijumaa. Kuanzia saa kumi na moja mpaka ujumbe uingie. Siku nyingine ulichelewa kutuma, nikapata matumaini. Hizo ndizo zilikuwa mbaya zaidi.”

Daktari akaachia kiti. Akajifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu.

“Mimi nilikuwa natuma kutoka kituo cha mafuta,” akasema.

“Kituo kipi?”

“Cha njia panda.”

Nikashtuka mimi kabla ya Fundi. Kutoka njia panda mpaka hapa ni dakika kumi na tano, na ukiwa na haraka ni kumi.

“Na wagonjwa?” Fundi akauliza polepole.

“Hawakuwepo. Kila Ijumaa nafunga kliniki mapema, naendesha mpaka pale. Nanunua chai, nakaa nayo ndani ya gari mpaka inapoa. Kisha nakuandikia, nageuza gari.”

“Pale unakutana na nani?”

“Sikutani na mtu yeyote.”

“Usinidanganye mbele ya Mama Funguo.”

“Muulizeni mama anayeuza chai. Ananiita Bwana Nusu Njia.”

Sikutaka kucheka, na kwa kweli haikuchekesha. Nilimfikiria mtu mzima na kikombe cha chai kilichopoa, na huku mkewe yuko kwenye kiti, wote wawili wamekodolea macho simu.

“Kwa nini?” Sauti ya Fundi haikuwa tena ya muuza nyumba.

“Mara ya mwisho nilipofika, ulinipa taulo la wageni.”

“Nilikupa nini?”

“Lile jeupe lenye mistari. Lile unalolificha kwenye kabati la juu. Nilikuwa nimekosa wiki sita, na zile sita kazi ilikuwepo kweli, tulikuwa tunahamisha mashine. Nikaja bila kukuarifu nikidhani utafurahi. Naingia kuoga, taulo langu la bluu halipo msumarini. Unanipa la wageni. Chai unaniletea kwenye kikombe cha wageni. Halafu unaniuliza naondoka saa ngapi.”

“Nilikuuliza ili nijue nina saa ngapi na wewe.”

“Mimi nilisikia unaniaga. Nikajiambia, huyu ameshazoea kukaa peke yake. Hapa si kwangu tena. Ijumaa iliyofuata nikafika njia panda, miguu ikakataa.”

“Taulo,” Fundi akasema.

“Ndiyo.”

“Miezi saba. Taulo.”

Akageuka akaingia ndani, tukabaki tumesimama kama watu waliosahaulika kituoni. Kisha tukasikia sauti yake kutoka ukumbini.

“Mteja hajaona chumba cha kulala.”

Sikutaka kuingia. Chumba cha kulala cha watu si mahali pa dalali, hata kama kazi yangu ndiyo hiyo. Lakini Daktari aliniangalia kwa macho ya kuomba asiachwe peke yake, nikaenda nikasimama kizingitini.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kimenyooka. Mito miwili. Juu ya mto wa upande wa ukutani lilikuwa limetandazwa taulo la bluu, limepauka, pindo moja limefumuka. Fundi wa watu, anayeshona mapazia ya mlima mzima, pindo lile hakuligusa.

“Ulipokosa wiki ya pili,” akasema, macho kwenye kitanda, “nililitoa msumarini nikaliweka hapa. Lilikuwa linanuka wewe, na zile dawa za kliniki. Ukaja ghafla nikalisukumia chini ya godoro. Ningekupa ukajifutie, harufu yako iishe? Na ningekueleza nini, na umri huu? Kwamba nalala na taulo? Nikaona aibu. Nikakupa la wageni.”

Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akalishika taulo, akalinusa, akatikisa kichwa.

“Halina harufu yoyote.”

“Iliisha baada ya miezi mitatu. Nikaliacha tu.”

“Ungeniambia, Fundi.”

“Na wewe ungeuliza.”

Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nikatazama dari. Haikuwa na hata doa la maji.

“Nilikuwa mpweke,” Daktari akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hayafuti.

“Dakika kumi na tano kutoka kwangu.”

“Ndiyo.”

“Sijui nicheke au nikuchape na hii rula.”

Mtu ilibidi aulize, na kwa bahati mbaya kazi hiyo ndiyo yangu.

“Jumatatu je? Mwenye hoteli ananisubiri.”

“Kama Fundi hataki, siuzi,” Daktari akasema.

“Hapana,” Fundi akamkata. “Usinitwishe mimi. Miezi saba umeniacha nikisie. Leo sema unataka nini wewe.”

Alichukua muda. Aliangalia mlango, akaangalia ule ufunguo wa gari, akauweka juu ya meza ndogo ya kando ya kitanda.

“Sitaki kuuza. Nataka kufika.”

Fundi akavuta pumzi ndefu. Akamnyang'anya taulo la bluu, akalikunja mara mbili, akalirudisha juu ya mto.

“Sijakusamehe,” akasema.

“Najua.”

“Leo unalala chumba cha wageni. Na taulo utapewa la wageni.”

“Sawa.”

“Hili silitoi hapa mpaka nione kama Ijumaa ijayo utapita njia panda.”

“Nitapita.”

“Tutaona. Mama Funguo, kaondoe kibao chako cha kuuza nyumba pale getini.”

Nikakiondoa. Waya ulinichana kidole, na sikuona wa kumlalamikia, kwa sababu wao walikuwa wameshaanza kubishana jikoni kuhusu ile chai ya kituoni, kwamba mtu gani anakunywa chai ya kupoa kila wiki na nyumbani ana jiko. Nikakitia kibao kwapani, nikashika njia.

Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo mlima ulikuwa umejaa. Watoto wanashuka na baiskeli wakipiga kelele, mahali fulani kuna muziki, mbele ya nyumba moja watu wamekaa kwenye nyasi wanacheza karata. Funguo za nyumba zote hizo zilikuwa kiunoni mwangu, zinalia kila hatua. Wengine walinipungia mkono. Kesho alasiri wangeshuka, nami Jumatatu ningeanza tena kufungua na kufunga. Nilikuwa nimewapoteza wachumba na mwenye hoteli kwa nyumba moja, na sikuwa na hasira, nilikuwa na ule uzito tu wa kurudi mahali ambapo taa usipoiwasha wewe, haiwaki.

Nilipofika kwenye mteremko, simu ikatetemeka. Ujumbe wa Fundi.

“Mama Funguo umefika? Tuko kwenye tangi tunangoja utuambie. Kile kiti kimegoma kung'oka, amejiletea kingine.”

Nikasimama katikati ya njia. Niliusoma mara mbili, halafu nikavaa miwani nikausoma tena. Miaka kumi na moja nimefunga milango ya watu, nimekwenda zangu nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza neno hilo.

Nikaandika kwa kidole kile kilichochanika.

“Bado. Nikifika nitawaandikia.”

Nikahamisha kibao kwapa la pili, nikaongeza mwendo, maana nilijua hawataondoka pale kwenye tangi mpaka nifike.