Mara Kumi na Moja

Mikono minne ya chuma ilikuwa inafuma baiskeli. Kila mkono ulishika kibonge cha uzi wa kaboni, na yote minne ilizunguka kiunzi cha nta, mmoja ukipita chini, mwingine juu, bila kugusana hata mara moja. Ukisimama mlangoni unaiona fremu inaota mbele ya macho yako, kuanzia shingo mpaka mahali pa pedeli, na baada ya saa tatu imekwisha. Watu wa Mbeya waliiita mashine hiyo Mfumaji. Ilijaza chumba kizima cha mbele cha karakana ya mhandisi Subilaga Mwandambo, mtaa wa Isanga, chini ya mlima Loleza.

Tusidanganyane, alikuwa fundi kweli huyo Mfumaji. Zamani fremu ya kaboni ilibandikwa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, na mtu akikohoa vumbi lake mpaka jioni. Mfumaji hakohoi. Tena anajua hesabu kuliko mtu yeyote, na hapo ndipo habari hii inapoanzia.

Baiskeli ya mteremko si ya kwendea sokoni. Inapandishwa kileleni kwa kiti cha waya, kile kinachovutwa hewani mpaka juu, halafu inaachiwa kilomita sita za mawe, mizizi na makorongo, na mtu yuko juu yake. Ndiyo maana kila mteja anayeingia karakanani anaumwa na kichwa kilekile: achukue nyepesi au imara? Nyepesi inageuka upesi kwenye kona na haikuchoshi mikono, ila kila gramu unayoipunguza umeikata kwenye uhai wa fremu. Imara inakaa chini, inameza mawe, na mwakani bado unayo. Vyote viwili hupati, na fundi anayekuahidi vyote viwili anakupiga maneno.

Mfumaji aliyamaliza mabishano hayo kwa swali moja tu. Itashuka mara ngapi? Ukisema mara elfu, anafuma tabaka kumi na nane. Ukisema hamsini, anafuma saba. Anakupa uhai unaouhitaji na hakuongezei hata unywele. Mteja asiyejua jibu, Mfumaji humjazia mwenyewe, kwa kusoma kumbukumbu za washukaji wote wa nyanda za juu.

Jumatatu hiyo, fremu ya mteja wa Njombe ilipotoka tanurini, Subilaga aliamua kujifumia yake. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu, na miaka miwili ilikuwa imepita hajashuka Loleza. Aliandika uzito wake, akaandika njia atakayopita. Penye idadi ya kushuka akaacha wazi. Alitaka tu kuona mashine yake itamwambiaje.

"Kilo tisa na nusu, Fundi," alijibu Mfumaji kwa sauti yake tulivu. "Tabaka tano. Mara kumi na moja."

Subilaga akafuta, akaanza upya. Ikaja kumi na moja. Akabadilisha uzito, akabadilisha njia, akazima umeme na kuuwasha. Kumi na moja. Akakitazama kikuku cha afya kilichokuwa mkononi mwake, kile ambacho kila mkazi wa jiji huvaa na ambamo Mfumaji husoma mapigo ya moyo ya mteja. Alijua mashine hii haikosei hesabu. Kama imesema kumi na moja, basi imeona kitu ndani ya mwili wake ambacho yeye hajakijua.

Kutwa nzima hakula. Kesho yake asubuhi alikwenda kituo cha afya, akalala kwenye meza ya kupigia picha, akatolewa damu. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye haraka zake, alimwamkia shikamoo, akasoma majibu yote mara mbili, kisha akamwambia kwamba moyo kama huo hata yeye daktari angetamani kuwa nao. Ukiacha goti la kulia, hakuna kitu. Subilaga alitoka pale amejaa furaha. Ndani ya treni ya juu alicheka peke yake, akageuka ili amsimulie mtu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Akafungua orodha ya majina kwenye kikuku chake, akashuka nayo mpaka mwisho. Karibu wote walikuwa wateja.

Aliporudi karakanani hakuvua hata koti. Alimuuliza Mfumaji hiyo kumi na moja ameitoa wapi.

"Sikuusoma moyo wako, Fundi. Nilisoma watu wanaofanana na wewe."

"Wanafanana na mimi kwa lipi?"

"Wanashuka bila mtu wa kuwasubiri chini. Wako elfu tatu na mia mbili. Kwa wastani hushuka mara kumi na moja, halafu baiskeli inabaki ukutani."

Subilaga aliketi juu ya kreti la matairi. Ukutani kwake zilining'inia baiskeli mbili za miaka ya karibuni, zote safi, rangi haijachubuka. Hakuhitaji kuuliza kila moja ilishuka mara ngapi.

Sasa hapa lazima nieleze desturi, maana vijana wa leo hawaijui. Zamani hakuna aliyeshuka Loleza bila mpokezi. Mpokezi alisimama kwenye daraja la chini, ameshika sarafu. Mshukaji akifika hasemi neno, anamkabidhi baiskeli. Mpokezi anaigonga fremu kwa ile sarafu, taratibu, kuanzia shingo mpaka nyuma kabisa, huku ametega sikio. Kaboni nzima inalia ti, ti, ti. Kaboni iliyoachana ndani, hata kama nje inang'aa, inalia du, du, du, sauti iliyokufa. Mshukaji hawezi kujigongea mwenyewe. Upepo wa kilomita sita bado unavuma masikioni mwake na vidole vinamtetemeka. Sikio lilikuwa la mtu mwingine, siku zote.

Mpokezi wa Subilaga alikuwa Tusekile, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, mwalimu wa kwaya. Sikio la Tusekile liliwatia waimbaji jasho, na kwenye fremu lilikuwa hivyohivyo. Jumamosi moja aligonga karibu na shingo, akasimama, akagonga tena, akasema hapa pamekufa. Walipoikata fremu walikuta ufa wa ndani, mrefu kama kidole. Kushuka mara moja zaidi na Subilaga angeacha meno kwenye mawe, kama si roho.

Ufa ule ulimwogopesha kwa namna ya kihandisi. Alijiuliza, je, siku ile Tusekile angekuwa anaumwa? Akajifungia miaka mitatu, akatoka na uzi-hisi. Ni uzi mwembamba unaofumwa pamoja na kaboni, unaopitisha umeme kidogo sana, na pale unapokatika tu, hata kwa upana wa chembe ya vumbi, kikuku chako kinalia. Ulienea kote wanakoshuka watu milima. Vifo vilipungua, hilo lazima lisemwe, na Subilaga alistahili kila pongezi aliyopewa. Ila wapokezi nao wakapungua. Nani asimame juani na sarafu, wakati fremu yenyewe inasema? Haukupita mwaka, daraja la chini likabaki na nguzo moja ya kupimia muda.

Na wa kwanza kabisa kuachishwa alikuwa Tusekile. Siku uzi-hisi ulipofaulu, Subilaga alimwandikia kwamba fremu sasa inajisemea yenyewe, kwa hiyo asisumbuke tena kuja darajani, alipumzishe goti lake lililokuwa likimuuma. Tusekile alijibu neno moja, "Sawa." Subilaga akafurahi kwamba amemtendea mwenzake hisani. Si ndivyo tulivyolelewa, kumwambia mtu asisumbuke ni kumheshimu. Miaka saba ilipita hivyo. Walikutana misibani, wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, kila mmoja akashika njia yake.

Yote hayo yalimpitia Subilaga akiwa juu ya kreti, na hasira ikampanda, ila hakujua amkasirikie nani. Mwishowe aliinuka akaenda mbele ya Mfumaji.

"Kilo kumi na sita," alisema. "Tabaka kumi na nane. Na uzi-hisi utoe wote."

"Fundi, bila uzi-hisi, fremu ikiachana ndani hakuna atakayejua."

"Naelewa."

"Nani atajua?"

Subilaga alivua koti, akalitundika. "Fuma," akasema.

Ikafumwa. Tabaka kumi na nane zilichukua saa saba badala ya tatu. Yeye mwenyewe alifunga uma wa mbele, shokapu, breki na magurudumu yenye spoku nene, na kila alipoinyanyua mgongo ulimkumbusha umri wake. Kisha akamwandikia Tusekile: Jumamosi saa nne nashuka na baiskeli mpya, haina uzi-hisi, naomba uje unipokee. Kikuku kilionyesha ujumbe umesomwa. Jibu halikuja.

Jumamosi alipanda. Kwenye kiti cha waya kila abiria alikuwa na chake masikioni. Kileleni upepo ulikuwa baridi na bonde lote la Mbeya lilikuwa wazi, mapaa yanameta mpaka Uyole. Akashusha kiti cha baiskeli, akaachia breki.

Baiskeli ile nzito ilikuwa tamu, sitaficha. Nyepesi ingerushwarushwa kama punje kwenye ungo. Hii ilikaa. Ilipita juu ya mawe kwa kishindo, ikazama kwenye korongo la pili na kutoka, na kwenye mizizi ya misindano haikuyumba. Mikono ilimuwaka, goti lilimuuma, na kwenye kona ya mwisho alijikuta anapiga kelele za furaha. Akatokeza darajani.

Hapakuwa na mtu.

"Karibu chini, Subilaga," ilisema nguzo ya kupimia muda. "Dakika kumi na tisa. Hongera."

Washukaji wawili walifika nyuma yake, wakatazama vikuku vyao, wakampungia, wakarudi kwenye kiti cha waya. Yeye akatoa mfukoni sarafu ya kale ya shilingi mia mbili, ya wakati ule pesa zilikuwa zinashikika. Alipiga magoti, akagonga shingo ya fremu. Akasikia upepo. Akagonga tena, akasikia upepo tu, na vidole vikaiangusha sarafu majanini. Hapo Subilaga alilia. Alilia kwa sauti wala hakujificha, maana hakukuwa na mtu wa kumficha.

Alipomaliza alifuta uso, akaitafuta sarafu, akaanza kuisukuma baiskeli kuelekea mtaa wa Sinde. Kanuni ilisema fremu isiyo na uzi-hisi ikishashuka haipandwi tena mpaka igongwe, na yeye kanuni hiyo hakuwahi kuivunja. Ni mwendo wa dakika arobaini, na sehemu kubwa ya njia inapanda. Kilo kumi na sita alizozitaka mwenyewe zikamtoa jasho lote.

Tusekile alikuwa kibarazani, ungo wa maharage mapajani. Alimwona tangu mbali, hakuinuka. Subilaga aliegemeza baiskeli kwenye nguzo, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akakaribishwa, akaketi ngazini. Wakaulizana habari za nyumbani. Zote nzuri.

"Ujumbe wako niliupata," Tusekile alisema baadaye, macho yakiwa kwenye maharage.

"Nilikusubiri."

"Na mimi nilisubiri, Subi. Mwaka mzima baada ya ule ujumbe wako wa kuniambia nisisumbuke nilikuwa naamka Jumamosi, navaa viatu, halafu nakumbuka."

Subilaga alisema kwamba alidhani anampunguzia tabu. Jua lile, goti lile, safari yote ile kwa kazi ya dakika tano. Alisema alikosea, akalirudia neno hilo, nalo lilimtoka kwa shida kila mara.

Tusekile aliuweka ungo chini. "Ulifikiri nasumbuka," alisema. "Mimi sikuwa na kitu kingine wiki nzima."

Kisha Tusekile akanyoosha kiganja bila kumtazama mwenzake, na Subilaga akaweka sarafu ndani yake. Tusekile aliinama kwa taabu mbele ya baiskeli, akafumba macho, akaanza shingoni. Ti, ti, ti. Akashuka mpaka penye pedeli, akahamia penye shokapu, akarudia pale kwenye maungio mara tatu, akaendelea mpaka nyuma kabisa. Subilaga alizisikia sauti zote, moja moja. Mwendo wa kutoka darajani ulikuwa umeshautoa upepo masikioni mwake, na fremu hiyo sasa angeweza kuigonga mwenyewe. Hakulisema hilo.

"Nzima," alisema Tusekile. "Lakini kwa nini umeifanya nzito hivi, na umri huu?"

"Nataka ikae."

Tusekile aliguna. Akashika nguzo, akajiinua, akarudi kwenye kigoda chake na kuupakata ungo. Kabla hajaendelea na maharage, alivuta pindo la kanga yake, akaiweka ile sarafu katikati, akaifunga fundo, akalikaza kwa meno.