Aliyelazwa Kwenye Majivu

Jeraha lilikataa kutoka. Mama Chiriku alilisugua kwa mafuta, akalisugua kwa sabuni, akalipangusa kwa kitambaa cha maji moto, nalo likabaki pale pale shavuni mwa binti yake, jekundu, limekunjamana ukingoni. Na alikuwa amelitengeneza mwenyewe asubuhi ile, kwa unga wa ngano, gundi na rangi.

Kazi yake ilikuwa kuwapaka waigizaji. Tamthilia waliyokuwa wakiirekodi ilihusu mji uliopigwa bomu la nyuklia, na wachache waliosalia wakifa mmoja mmoja kwa njaa na maradhi. Siku hiyo mwongozaji alitaka maiti ya mtoto. Chiriku, ambaye hakunyamaza hata akila, aliomba alazwe yeye.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Usinipe maji, mama. Maji yana sumu."

Mama akashtuka. Mtoto hakupewa neno lolote la kusema kule kwenye kurekodi. Alilala tu kwenye vifusi.

Jioni nywele za Chiriku zilianza kunuka kama zilizoungua. Bibi yake alimletea maziwa, akayapoza kwa kuyamimina kikombe hadi kikombe, akambembeleza, "Kunywa kidogo tu, mke mwenzangu," mzaha wao wa siku zote. Mtoto hakucheka. Akamtazama bibi kama mtu asiyemjua, akauliza kwa sauti ya chini, "Na nyinyi bado hamjafa?"

Alipofunikwa blanketi, chini yake kukasikika mkwaruzo, kama wa kucha zinazochimbua mawe, na mama alipolifunua akakuta shuka limejaa majivu ya kijivu yaliyokuwa bado na joto, na lile jeraha limeshuka kutoka shavuni hadi shingoni, linatembea taratibu kuelekea kifuani, na mtoto amelala macho wazi, hapepesi, anahesabu pumzi kama anayeogopa zisimwishie.

Mama akampigia simu Marehemu. Huyu alikuwa mwigizaji aliyebandikwa jina hilo kwa kufa katika tamthilia nyingi, hata majirani wakimwona sokoni humuuliza amefufuka lini. Alifika na maneno yake ya utani mdomoni, akavuta hewa mlangoni, akayameza.

"Dada, nani alimwamsha?"

Katika kazi yao, anayeigiza maiti hajiinukii. Aliyempaka husimama miguuni pake, humwita kwa jina lake, humwambia, "Picha imekwisha, inuka," naye huitika. Wageni huona ni mchezo.

"Alisinzia pale pale," alinong'ona. "Mimi nilikuwa nabandika kidonda cha mwenzake. Dereva wetu akamwonea huruma, akambeba hivyo hivyo mpaka garini, asimkatize usingizi."

"Alifanya wema," Marehemu alisema polepole. "Lakini ameubeba mwili, mwenyewe hajaitwa. Na pale pana wenyewe, waliokufa kweli. Wamemwona ni wao."

"Nifanye nini, kaka? Nimweleze nani? Sina mwingine."

"Tukamlaze tena pale pale. Kabla hilo jeraha halijafika moyoni."

Dereva aliwapeleka alfajiri, machozi yakimtoka, akirudia, "Nisamehe, dada, alikuwa amechoka mtoto." Mama akamlaza Chiriku kwenye majivu, mwili umeshakuwa baridi kama vigae. Akasimama miguuni. Marehemu akamshika kiwiko.

"Chiriku. Picha imekwisha, mwanangu. Inuka."

Akamwita tena, na tena, mpaka koo likakauka.

"Abee, mama."

Jeraha likabanduka kama ganda la ndizi. Mtoto akaketi, akapiga chafya, akaomba maji. Mama akamkumbatia, akilia bila sauti.

Ndipo kutoka chini ya vifusi, karibu na kisigino cha mama, sauti ndogo kuliko ya Chiriku ikasema, "Na mimi, mama?"

"Usigeuke," Marehemu alinong'ona. "Huyo huna jina la kumwita."

Mama akatembea, mwanawe kifuani, na nyuma yake kitoto kikalia, si kilio cha kutisha, bali kile cha mtoto aliyeachwa, anayeona mgongo wa mama ukienda, mpaka maziwa, yaliyokuwa yamemkauka kwa miaka, yakaanza kumchuruzika na kulowesha nguo, naye akauma mdomo asiitike, akaenda, akaenda.

Kilio kikakatika walipofika kwenye gari. Dereva akafungua mlango wa nyuma, akamsaidia Chiriku kupanda. Kisha akaendelea kuushikilia mlango, kwa upole, kama anayemngoja mtoto wa pili aingie.