Kizingiti cha Chumba cha Bibi

Kila Jumamosi nilimsaidia baba yangu, ambaye ni mwashi. Nilimshikia futi ya kupimia na kumwekea alama za penseli, naye akaniita Injinia. Kichwa kilinivimba kwelikweli.

Jumamosi moja tulikuwa tukimjengea bibi chumba. Sakafu ilikuwa bado zege tupu. Baba alichora mstari ukutani, mita moja juu ya pale vigae vitakapofika.

"Injinia, pima kutoka kwenye mstari kwenda chini, sentimita tisini na nane. Hapo ndipo kizingiti kitaishia. Kikizidi vigae kwa sentimita mbili, maji ya mvua hayaingii. Usipime kutoka kwenye zege, hapa mlangoni limebonyea."

Akaenda kukoroga saruji. Nje wenzangu walikuwa wananiita tukacheze. Nikapima harakaharaka kutoka kwenye zege kwenda juu, unene wa kigae pamoja na sentimita mbili, nikatia alama, nikachomoka. Baba akajenga kizingiti kwa kufuata alama yangu.

Plasta ilipofunika mstari, alikuja fundi vigae, rafiki wa baba kwa miaka ishirini. Alipomaliza kazi alikuna kichwa.

"Ndugu yangu, kizingiti kiko chini kuliko vigae."

Baba alinigeukia. "Ulipima kutoka kwenye mstari?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ni wewe umejaza mchanga mwingi chini ya vigae, vikapanda," baba alimfokea rafiki yake. "Umelipua kazi!"

Fundi vigae alikusanya vifaa vyake akaondoka. Nami nilinyamaza. Mpaka leo naona aibu.

Mvua ya kwanza iliingia moja kwa moja mpaka chini ya kitanda. Bibi aliinama akikamua nguo zake huku akimlaani fundi vigae. Uvumilivu ukanishinda. Nikasema yote mbele yake na baba huku nikilia.

Baba hakunichapa. Alinipeleka kwa rafiki yake, nikarudia maneno yale yale, naye baba akaomba radhi.

"Mtoto nimemsamehe," alijibu fundi vigae. "Lakini wewe, ndugu yangu, ulinitukana bila hata kushika futi." Kisha akafunga mlango.

Kesho yake tulibomoa kizingiti, tukakijenga upya. Maji hayaingii tena. Fundi vigae naye haji tena kwetu.

"Kizingiti tumekirekebisha kwa asubuhi moja," baba aliniambia akiosha mwiko. "Rafiki yangu sijui nitamrudisha vipi. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako. Na mimi nimejifunza kupima kabla ya kulaumu."

Alinipa futi niifute matope. Hakuniita Injinia.