Bunduki Iliyotoka Bukini

Walianza sisimizi. Hawakuwa wengi, mstari mmoja tu mwembamba, wanapanda ukuta wa ukumbi wa juu, wanapita pembeni ya picha ya marehemu babu, wanaingia kwenye mtutu wa bunduki iliyotundikwa pale. Mzee Mahfoudh akawafuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akashuka zake kwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, wamo. Akachokoa mtutu kwa kijiti chenye pamba. Pamba ikatoka inanata. Akainusa. Asali.

"Mama Anwar!" aliita.

"Naam," alijibu mkewe, Zuleikha, kutoka jikoni.

"Nani kamimina asali kwenye bunduki ya babu?"

"Asali! Nyumba hii ishaonja asali lini? Labda mwanao, maana tangu aposewe mke hajui analolifanya." Zuleikha akacheka, akaendelea kukuna nazi.

Wala hakuwa Anwar. Anwar alikuwa mtoto wao mmoja tu, kijana mpole, na muda ule alikuwa Mtoni kwa wakwe zake watarajiwa anahesabiwa meno. Harusi ilikuwa imekaribia, na nyumba yote ile ya Kiponda, kuanzia sakafuni hadi kwenye boriti, ilikuwa inapakwa chokaa kwa ajili yake.

Sasa bunduki yenyewe. Babu yake Mahfoudh alikuwa Mngazija aliyekwenda Bukini, kisiwa kile kikubwa, akawa askari wa Wafaransa zama wanapigana na wenyewe Wabuki. Akarudi na bunduki ya Kifaransa, ndefu, chuma kizito na kitako cha mti mgumu, na hadithi yake: ati peke yake alizuia kundi la waasi kivukoni. Ukoo mzima uliitafuna hadithi ile kama ubani. Na katika kila harusi ya mtoto wa kiume, baba mtu huipiga bunduki mara moja, bwana harusi kasimama nyuma yake, mkono begani mwa baba. Mahfoudh naye alisimama hivyo, nyuma ya baba yake. Ndiyo maana aliapa kwamba na Anwar atasimama.

Tabu ilikuwa risasi. Zile za zamani ziliota kutu, zikatupwa. Polisi, baada ya kumzungusha kweli kweli, walimpa kibali kwa masharti: ipigwe mara moja, shambani kwake Mangapwani, kwa risasi tupu isiyo na kichwa, na asimamie mtu anayezijua silaha. Mtu huyo akawa Mcha, msasi wa nguruwe wa Matemwe, mtu mwenye ulimi usiojua kubembeleza.

"Mzee Mahfoudh, nikwambie kweli," alisema Mcha, bunduki mapajani. "Hii imefanyiwa baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi, inayosukuma taratibu. Baruti ya leo kali. Ukiitia, hiki hapa hakihimili." Akaligonga komeo, kile chuma cha nyuma kinachofungua na kufunga. "Moto hautokwenda mbele. Utarudi nyuma, na chuma pamoja nao."

"Basi ntapata wapi ya kuifaa?"

"Hapa? Hupati."

Mahfoudh hakukubali. Akampigia simu binamu yake aliye Marseille. Binamu akamwambia huko wapo watu wanaozipenda bunduki kongwe kama hizo, hujaza maganda mapya kwa baruti nyeusi, kwa kipimo cha upole, wakazipiga bila madhara. Lakini kumletea baruti huku? Hakuna wa kuibeba, si melini wala kwenye ndege. Dar es Salaam nako walimcheka. Ikawa Mzee Mahfoudh halali, hali, anatafuta risasi kama mtu anayetafuta mkwe.

Siku moja alasiri Zuleikha alichota sukari ya chai, kijiko kikagonga chuma. Akachimba. Akatoa risasi tatu, shaba mpya inang'aa, midomo yake imezibwa kwa nta ya nyuki.

"Baba Anwar," aliita kwa sauti ndogo, "njoo uone. Mimi sizishiki tena."

Mahfoudh akampigia tena binamu yake, na binamu akaapa kwa mama yake kwamba hakutuma kitu. Anwar akasema hajui. Basi mtu mwenye akili zake angevichukua vitu vile akavitupa baharini, na asitazame nyuma. Mahfoudh alizifunga kwenye leso, akaenda nazo Matemwe.

Mcha alizigeuzageuza, akazinusa, akamtazama. "Hizi zimetoka wapi?"

"Zimepatikana."

"Risasi haipatikani kama embe, mzee."

Hata hivyo aliifunga bunduki kwenye tairi bovu, akafunga kamba kwenye kifyatulio, wakajificha nyuma ya ukuta wa mawe, akavuta. Ikalia vizuri, moshi mweupe mwingi. Akatia ya pili. Ikalia vilevile, na komeo halikutikisika. Mahfoudh alikuwa anacheka kama mtoto.

"Nipe hii ya tatu niifungue nione ndani," alisema Mcha.

"Ukiifungua, harusi nitapiga nini?"

"Mbili zile zimejisemea zenyewe. Hii haijasema kitu."

"Nipe risasi yangu, Mcha."

Akampa. Harufu ya asali ilimfuata Mahfoudh mpaka mjini.

Kutoka siku ile Zuleikha akabadilika. Mwanamke ambaye hata siki huiogopa isije ikawa na ulevi, pumzi yake ikaanza kunuka brandi. Mahfoudh alimkuta ukumbini saa za mchana, nywele kazifumua, uso kajipaka chokaa ya mafundi, kakaa chini ya bunduki na miguu kaitandaza mithili ya mtu aliye kwake. Akimwita, haitiki. Akizinduka, huuliza kwa nini chokaa imemwingia machoni. Na jioni moja, adhana ya magharibi ndiyo kwanza imekwisha, sauti ilimtoka Zuleikha isiyokuwa yake, nzito, ya mwanamke mtu mzima, Kiswahili chake kinakwaruza:

"Mjukuu wa askari. Karibu ukae."

Mahfoudh akakaa.

Mji huu kila mtu anajua kibuki, pepo wa Bukini, kikipanda. Asubuhi yake alimchukua mkewe hadi Mpendae kwa Bi Mwatum, fundi wa vibuki, mama mnene mwenye miwani anayeuza na ubuyu hapo hapo mlangoni. Bi Mwatum aliandaa sahani ya chokaa, sarafu ya fedha ndani ya maji, asali, na chupa ya brandi aliyoifunika kwa kanga, majirani wasione. Akawasha ubani. Zuleikha akatetemeka, kisha akainuka mtu mwingine kabisa.

"Bibi mtukufu," Bi Mwatum alinong'ona, "unataka nini kwa kiti chako hiki, mwanamke uliyempanda?"

"Kiti sina ugomvi nacho," ilisema sauti. "Namtaka huyu." Na kidole cha Zuleikha, chenye pete aliyomvisha Mahfoudh mwenyewe, kikamwelekea Mahfoudh.

"Siku ile mwanangu alikuwa bwana harusi," ilisema ile sauti, bila kupanda wala kushuka, "hakuwa na mkuki wala panga, alikuwa na kibuyu cha asali anakwenda kuwalambisha wakwe zake, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake mkono wangu begani mwake kama ilivyo kwetu, akaja askari mwenye uso kama huu wako, akamtaka bibi harusi, mwanangu akasema huyu mke wangu, na askari akacheka, akaishusha bunduki begani, akampiga hapo hapo na asali mkononi, akaniangukia mimi, mzito, mzito, nikamshika mpaka akapoa, na yule askari akarudi kwao na bunduki, na mkafanya mchezo, mkawa mnaipiga harusini, kila mkioza mtoto mnaniulia mwanangu tena na watu wanapiga vigelegele."

Jasho lilimtoka Mahfoudh. Na jasho lile halikuwa la hofu tu. Lilikuwa la aibu, kwa sababu alikuwa anajua. Baba yake alimnong'oneza kitandani anakata roho: hapakuwa na kivuko, mwanangu, wala waasi. Akalizika neno lile pamoja na baba.

"Wataka nini, bibi?" aliuliza.

"Siku ya harusi, mbele ya watu wako na wakwe wa mwanao, sema. Sema lililofanyika. Kisha vunja bunduki. Mimi nitakwenda zangu."

"Nikufidie kwa kitu kingine. Ng'ombe. Hitima. Chochote."

"Sema."

Mahfoudh aliinamisha kichwa, akaisogeza asali karibu naye. Sauti ikacheka kidogo, ikaomba brandi, ikanywa, ikalamba asali, ikaondoka. Zuleikha akaanguka kwenye mkeka, kalowa jasho.

Nje mlangoni Bi Mwatum alimshika mkono. "Baba, nisikilize. Kinywaji kanywa, asali kala. Lakini neno lake hujampa. Mimi nguvu zangu zimefika hapa."

"Kaondoka, Bi Mwatum. Umeona mwenyewe kaondoka."

"Kaondoka kwenda wapi?"

Lakini Zuleikha alirudi mzima, akawa anaimba anakunja sambusa za harusi, na sisimizi hawakuonekana tena. Mahfoudh akajidanganya kwa raha zake. Hata Anwar mwenyewe alimfuata.

"Baba, tuiache tu. Vigelegele vinatosha. Moyo wangu hauipendi bunduki ile."

"Watu watasemaje? Kwamba mimi nimeshindwa kukufanyia nililofanyiwa?"

"Waseme."

"Hujui unalosema, mwanangu. Jina ndilo nitakalokuachia." Na hapo, jamani, hapo palikuwa na mlango wazi. Mahfoudh akaufunga kwa mkono wake.

Siku ya harusi, watu walijaa shambani Mangapwani, nikaha imepita, pilau imeliwa, jua la alasiri limelala juu ya minazi. Mahfoudh kavaa joho. Akawaondoa watu wote mbele, upande wa bahari, akafukuza hata mbuzi. Akapekua mwenyewe vichakani asije akawa na mtoto kajificha. Mbele palikuwa peupe.

"Mzee," Mcha alimnong'oneza, "bado hujachelewa."

"Rudi nyuma, Mcha, usinitie nuksi."

Anwar akaja kasimama nyuma yake, akaweka mkono begani mwa baba. Ulikuwa mkono wa moto. Mahfoudh akatia risasi ya tatu, akafunga komeo, akainua bunduki. Hapo akasikia wanaume wanaguna. Akageuza shingo kidogo. Zuleikha alikuwa ametoka upande wa wanawake, hana mtandio, uso mweupe kwa chokaa, kapita katikati ya wanaume bila ya haya, kasimama nyuma ya Anwar, na mkono wake kauweka begani mwa mwanawe.

Harufu ya asali ikamjaa puani Mahfoudh mpaka kooni, na akili yake, iliyokuwa imelala siku zote zile, ikaamka yote mara moja, akakumbuka maneno ya Mcha kwamba moto hautokwenda mbele, akakumbuka ile sauti ikisema nilikuwa nimesimama nyuma yake mkono wangu begani mwake, akaelewa kwamba alikuwa kapasafisha mbele tu, na nyuma hakupatazama hata kidogo, na kwamba bado anaweza kuishusha bunduki hii chini, akageuka, akasema maneno machache tu mbele ya watu hawa, babu yangu alimuua bwana harusi, basi, akamaliza, akabaki na mwanawe. Akafungua mdomo. Akawaona wakwe wa Anwar wamemkodolea macho, wamevaa wamependeza, wanasubiri. Akaona aibu. Neno lililomtoka lilikuwa "Bismillahi," na kidole kikavuta.

Mshindo haukuwa ule wa Matemwe. Kitu kilimpita sikioni kikamchana. Kisha moshi, na kimya, na Mahfoudh akajishika usoni, akajikuta mzima, macho yote mawili, akaanza kucheka. "Alhamdulillahi! Mnaona? Mnaona?"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mkono ule begani mwake ulikuwa umeanza kuwa mzito, ukateleza mgongoni, ukaondoka. Akaitazama bunduki. Komeo halimo.

Akageuka. Anwar alikuwa ameanguka kinyumenyume mikononi mwa mama yake, kanzu ya harusi nyekundu kuanzia shingoni. Na mama yake alikuwa amekaa chini, kampakata, anamtazama Mahfoudh, anatabasamu.

"Mzito, eh?" ilisema ile sauti. "Na wangu alikuwa mzito."

Kisha ikaondoka. Zuleikha akapepesa macho, akatazama damu mapajani mwake, akauliza, "Huyu nani? Baba Anwar, huyu nani kalala?"

Mahfoudh alisema. Alisema siku ya hitima, kasimama mbele ya watu wote, hakuacha kitu, kisha akaivunja bunduki kwa nyundo na kuvizika vipande. Mcha alimsaidia kuchimba. Bi Mwatum aliitwa, akafukiza ubani, akaita, akabembeleza. Jibu likaja kwa mdomo wa Zuleikha: "Nimemsikia. Ila kiti hiki nimekizoea."

Basi wamo humo Kiponda mpaka leo, wawili na mmoja. Sisimizi wakianza kupanda ukuta, pale palipobaki misumari mitupu, Mahfoudh hujua, akaenda kutafuta brandi kwa mkono wake, akaificha ndani ya kanzu. Kibuki hupanda, hunywa, hushuka. Na kila kikishuka huondoka na kitu kimoja, kumbukumbu aliyonayo Zuleikha ya siku ile. Zuleikha hukaa kitako, akajifuta chokaa usoni, akafunga nywele zake, akasikiliza ngazini.

"Baba Anwar, mbona nyumba kimya? Anwar hajarudi tu kwa wakwe zake?"

Mahfoudh humshika mikono yote miwili. Alijaribu mara moja kumwambia Anwar kasafiri, na mkewe akamtazama kwa macho yasiyokuwa yake mpaka akajirudi. Kwa hiyo huanza mwanzo, Bukini, na kibuyu cha asali, na yule askari mwenye uso kama wake, hatua kwa hatua mpaka Mangapwani. Yeye keshaizoea hadithi. Zuleikha kila mara huisikia upya, na kila mara hulia kilio cha siku ya kwanza.