Mafuta ya Kipupwe

"Cecilia! Toka nje uniambie hiki ni kitu gani!"

Cecilia aliacha ungo wa maharage jikoni akatoka mbio. Mama mkwe wake, Efrazia, alikuwa amesimama uani na chupa mkononi, ameishika kwa ncha ya kanga kama mtu aliyeokota panya aliyekufa.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke hapo kwanza. Nimeuliza, hiki nini?"

"Mafuta ya ufuta, mama."

"Ya kupikia?"

"Hapana. Nampaka Kristofa miguuni jioni akishaoga. Ni kwa ajili ya baridi hii ya kipupwe."

Efrazia akacheka kicheko kikavu.

"Miguuni! Baba yake alikufa na magaga yake na hakuna aliyempaka kitu. Sasa ndiyo naelewa. Mwanangu akiamka, maji ya moto kwanza. Kabla ya kula, atafune tangawizi na chumvi. Jioni nikimletea mtindi, hataki. Nikiuliza, 'Cecilia amesema.' Kilabuni haendi, kwangu hapiti. Mghoshi, mwanamume mzima, amekuwa kondoo! Mwanamke, hili ni limbwata."

"Mama, tafadhali. Mwulize mwenyewe. Yeye ndiye aliyenipeleka nikajifunze."

"Ataulizwa. Jumapili, mbele ya watu."

Akaifunga chupa kwenye kanga, akashuka nayo njia ya kwenda kwa Nikodemo, mzee wa kanisa.

Kisa chenyewe kilianzia miguuni mwa Kristofa. Kipupwe cha kwanza cha ndoa yao, ukungu ulipanda kutoka bondeni ukakaa kijijini kwao Vuga kama mgeni asiyeaga. Kristofa alikuwa akilala na soksi, na bado miguu yake ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Visigino vilipasuka hadi vikatoa damu. Alimwonea haya mkewe, akawa anavificha chini ya blanketi. Siku moja akamshika mkono wakateremka hadi Soni, nyuma ya duka la Bibi Kokila, mjane wa Kihindi aliyeuza vibiriti, kanga na viungo.

"Bibi, huyu ndiye mke wangu," Kristofa alisema. "Mfundishe yeye. Mimi nikifundishwa nasahau."

"Unasahau au mvivu?"

"Vyote viwili, bibi."

Bibi Kokila alicheka, akamkalisha Cecilia juu ya gunia la mchele.

"Kwetu hii inaitwa Ayurveda. Si uchawi, wala si dini ya kukutoa kanisani. Ni kuishi na majira, binti. Wewe mkulima, unajua shamba la masika si shamba la kiangazi. Mwili pia hivyo hivyo. Kipupwe kinaleta baridi na ukavu, basi wewe upe mwili joto na mafuta. Maji ya moto alfajiri. Chakula cha moto, samli kidogo, maziwa yenye manjano. Mafuta ya ufuta nyayoni. Kiangazi kikija, acha hayo. Kula matango, kunywa maji yaliyolowekwa giligilani. Masika tumbo linakuwa zito: kula kidogo, na mtindi usiguse jioni."

"Na akishikwa na homa?"

"Homa nenda hospitali! Haya ni ya mtu mwenye afya, abaki nayo."

Basi ikawa desturi ya nyumba yao. Cecilia alipasha mafuta kwa kutumbukiza kikombe kwenye maji ya moto, Kristofa akanyoosha miguu kwenye kigoda, na habari za siku nzima zikasimuliwa hapo.

"Panauma?"

"Panauma ukiacha."

"Wewe! Visigino vimeshapona siku nyingi."

"Mafuta ni kisingizio tu, Cecilia. Mimi nataka mikono."

Maneno hayo Cecilia aliyaweka moyoni kama mbegu ya mwakani.

Nyumba za kupangisha zilipotaifishwa, lile duka likafungwa. Wanawe Bibi Kokila wakamwita Uingereza. Siku ya kuondoka alimpa Cecilia chupa yake ya mwisho.

"Kule baridi ni kali kuliko hii," alisema. "Sijui nani atanipaka mimi."

Sasa chupa hiyo ilikuwa kwa Nikodemo, na Bibi Kokila hayupo. Aliyebaki kujua ukweli ni mtu mmoja tu, Kristofa. Na Jumapili hiyo Kristofa alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji kipya cha ujamaa.

Jioni aliporudi, Cecilia alimweleza yote. Kristofa akasugua kidevu.

"Mama naye! Angesubiri kura zipite."

"Kristofa, nikiitwa mchawi hapa sitakuwa na pa kuweka uso wangu. Sema neno moja tu. Sema ulijua."

"Nitasema."

"Tazama huku. Utasema?"

"Nimesema nitasema, mke wangu. Ila yule bibi alikuwa mwenye duka, na watu siku hizi wakisikia Mhindi wanasikia mirija ya unyonyaji. Acha nitafute namna."

Cecilia aliliona neno "namna" likipita, akalifumbia macho.

Jumapili watu walijaa uwanja wa shule. Nikodemo alisimama, chupa mkononi.

"Ndugu Kristofa, kabla hatujanyoosha mikono. Mama yako analia. Chupa hii tunaambiwa imetoka kwa mabepari wa Soni, na umekuwa ukipakwa nyumbani kwako. Ulikuwa unajua unachopakwa?"

"Tukimchagua huyu, tutaongozwa na Cecilia!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Na sisi tupatiwe chupa, wake zetu hawatupaki hata vumbi!" mwanamume akajibu. Uwanja ukaangua kicheko.

Cecilia alikuwa ameketi kwenye nyasi katikati ya wanawake. Hakucheka, wala hakuinama. Alimtazama mumewe kwa macho ya mtu aliyeshika ncha moja ya kamba, akingojea wa upande wa pili aivute.

Kristofa alitazama viatu vyake.

"Mimi... mimi narudi shambani nimechoka. Nalala. Sikujua ni kitu gani. Hayo ni mambo ya wanawake."

"Hukujua?" Nikodemo aliuliza tena.

"Sikujua."

Nikodemo akaimimina chupa. Harufu ya ufuta ikapanda, tamu, ile ile ya chumbani kwao, sasa kila mtu anainusa. Mikono ikanyooshwa, Kristofa akawa mwenyekiti. Wanawake waliokuwa karibu na Cecilia wakasogea kidogo kidogo, hadi akabaki peke yake na nyasi.

Kristofa aliporudi nyumbani alimkuta Cecilia anafunga nguo zake.

"Yale yalikuwa maneno ya mkutano tu! Mimi na wewe tunajua ukweli."

"Mimi na wewe."

"Wiki mbili tu, watasahau."

"Ungesema umenichoka, ningelia nikanyamaza. Ungenipiga, ningekusemea kwa baba. Lakini umesimama mbele ya watu ukasema hujui mikono yangu. Nitakugusaje tena, Kristofa? Nikikugusa nitakuwa nani?"

"Cecilia, usiniache na baridi hii."

"Vaa soksi."

Akapanda basi la Mlalo, kwao. Hakulia mpaka lilipopita Lushoto, na hapo alilia hadi mama mmoja asiyemjua akampa mtoto wake ambebe, apate pa kuweka mikono.

Kwa baba yake alilima kabichi. Salamu zilikuja na kondakta wa basi.

"Dada Cecilia, mwenyekiti anasema hali chakula."

"Mwambie ale cha moto."

"Anasema anakukumbuka."

"Mwambie nimesikia."

Alikuwa anampenda bado, na hilo ndilo lililomwumiza. Kila kipupwe kilipoingia mikono yake ilikuwa inaamka jioni bila kazi. Akawa anawapaka miguu wazee wa jirani, na hakuna Mlalo aliyemwita mchawi.

Kipupwe cha tatu tangu aondoke, Kristofa mwenyewe akatokea mlangoni, amekonda, chupa mpya ya ufuta kwapani.

"Nimesema, Cecilia! Nimesimama uwanja ule ule, nikawaambia wote. Kwamba nilijua, kwamba ni mimi niliyekupeleka. Mama amelia. Anakuomba msamaha."

Moyo wa Cecilia uliruka. Aliushika kwa nguvu.

"Ulisema lini?"

"Jumapili iliyopita."

"Bado ni mwenyekiti?"

"Hapana. Wamechagua mwingine mwezi uliopita."

Cecilia alitazama mlangoni. Nje, ukungu ulikuwa umeshafika kwenye kabichi.

"Kumbe umelisema neno lile siku ambayo lilikuwa bure," alisema taratibu. "Mimi nililihitaji siku ile lilipokuwa ghali."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, zamani. Kaa. Vua viatu."

Uso wa Kristofa ukachanua. Akavua. Visigino vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na Cecilia alipoviona ilibidi ageuke, akijifanya anatafuta kikombe. Akapasha mafuta, akayaleta. Kisha badala ya kuinama, akamwekea kikombe mkononi.

"Anzia kisiginoni. Kidole gumba kizungushe katikati ya unyayo. Polepole. Ndiyo hivyo."

"Mikono yangu ni migumu."

"Itazoea."

Alijipaka, machozi yakidondoka kwenye mafuta. Alipomaliza mguu wa pili akainua macho.

"Cecilia, nilikuambia. Mafuta yalikuwa kisingizio tu."

"Najua, Kristofa. Ndiyo maana nakupa mafuta."

Kristofa akavaa viatu. Cecilia alimsindikiza hadi njia panda, kama mgeni wa heshima anavyosindikizwa, akangoja mpaka basi likapotelea ukunguni. Aliporudi ndani alikaa kwenye kigoda alichokalia Kristofa. Kikombe kilikuwa bado na joto. Akakishika kwa mikono yote miwili mpaka kikapoa.