Vidole Arubaini

Kitendawili! Sema tega. Haya: kaingia nyumbani kwangu mikono mitupu, katoka mikono mitupu, na alipotoka nimebaki sina kitu. Nani huyo? Usikimbilie kujibu. Wala mji wako siutaki. Sikiliza kwanza.

*Saa tatu asubuhi, Ijumaa.*

Chumba cha nyuma cha karakana ya Shaame, Wingwi. Mlango una komeo. Redio iko juu, majirani wasisikie. Watu watatu wamechuchumaa kuzunguka kipande cha boksi kilichochorwa kwa mkaa: ghala, ukuta, msikiti.

"Wete," alisema Bi Mwanakhamis. "Ghala la nyuma ya soko. Ndani yake mna mashine yangu."

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa karafuu, weusi usiotoka hata kwa ndimu. Miaka thelathini kachambua kwa mkono: unashika kishada, unakisokota kiganjani, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Siku moja akakata kandambili mbovu, akatoa vidole vya mpira, akavipachika ndani ya pipa linalozunguka. Vidole arubaini. Kazi ya wanawake kumi kutwa nzima, pipa likaimaliza kwa saa moja.

Ndipo akaja Hafidh. Shati limepigwa pasi, begi limejaa fomu. Serikali inatoa ruzuku, alisema, kumsaidia mwenye uvumbuzi aupeleke sokoni. Akakaa mkekani. Akanywa chai. Akasaidia kujaza. Baada ya miezi mitano ruzuku ikatoka, kwa jina la Hafidh. Akaundisha nyingine, mashine ile ile, vidole vile vile. Bi Mwanakhamis alipokwenda kulalamika aliambiwa ombi lake halina mchoro kamili, na la mwenzake linao.

"Leo saa tisa wakaguzi wanakuja," alisema. "Wakiiona inachambua, anapewa fungu la pili, la kujengea kiwanda. Wasipoiona, hapati kitu. Nataka asimame mbele yao kama mti uliokatwa matawi."

"Nani anakwenda?" aliuliza Mardhiya. Huyu ni mpwa wake, mwenye mdomo, dereva wa keri, kile kigari cha kubebea ndizi.

"Mimi na wewe."

"Wanawake wawili?"

"Ijumaa, wewe! Mwanamme akionekana njiani wakati wa khutba ataulizwa hata na mbuzi. Sisi nani atatuuliza? Mlinzi mwenyewe atakuwa msikitini."

"Na keri yangu breki zake za dua, shangazi. Nisiseme sikukwambia."

Shaame hakucheka. Mdogo wa marehemu mume wa Bi Mwanakhamis, fundi wa kuchomelea, mikono imejaa makovu ya cheche. Alitoa ufunguo mpya mfukoni, akauweka juu ya boksi.

"Mie nitakaa msikitini safu moja na Hafidh," alisema. "Imamu akitoa salamu tu, nakubipu. Mtakuwa mmeshaondoka."

Bi Mwanakhamis aliuchukua ufunguo. Hakuuliza kaupataje.

"Kitu kimoja kinanikereketa," alisema. "Mchoro wa vidole haukuwa kwenye fomu. Niliuficha sandukuni, chini ya kanga zangu za eda. Nani kampa Hafidh?"

Redio ilisoma matangazo ya vifo.

"Na mie nina swali, shemeji," alisema Shaame polepole. "Ile fomu yetu. Jina langu uliliandika mstari gani?"

"Tuna kazi, Shaame."

"Nauliza tu."

"Nimesema tuna kazi."

*Saa sita na nusu.*

Keri ilisimama nyuma ya soko, turubai limefunika mikungu mitatu ya ndizi ya kuzugia. Mabuibui meusi, wanawake wawili, hakuna aliyegeuza shingo. Adhana ilikwisha lia. Maduka yakashusha milango. Mlinzi alitoka akinawa miguu kwa kopo, akavaa kofia, akapotelea uchochoroni.

"Bismillahi," alisema Mardhiya.

"Usimtaje Mungu hapa. Shuka."

*Saa saba kasoro dakika kumi.*

Ufunguo uliingia kwenye kufuli kama kidole kwenye asali. Haukukwama hata kidogo. Mardhiya alitabasamu. Bi Mwanakhamis hakutabasamu.

Ndani kulinukia rangi mbichi. Mashine ilikuwa katikati ya sakafu, imefunikwa shuka jeupe kama maiti. Bi Mwanakhamis aliifunua. Kijani. Kibandiko kikubwa: jina la kampuni ya Hafidh, picha ya Hafidh, Hafidh anacheka. Kando, magunia mawili ya karafuu mbichi yakingoja wakaguzi.

Aliingiza mkono ndani ya pipa. Mpira ukamgusa, laini, unaonepa. Alivijua vidole vile kimoja kimoja. Machozi yalimjia akayarudisha.

"Shangazi, bolti."

Miguu minne ilikuwa imefungwa sakafuni kwa bolti. Alilala chali, spana mkononi, akajisogeza chini ya mashine. Ya kwanza ikalegea. Ya pili. Sauti ya khutba ilipita dirishani, ikishauri watu juu ya haki ya jirani.

Alipofika mguu wa tatu akaona.

Nukta tatu za kuchomelea, zimepangwa mstari, upande wa chini asikotazama mtu. Kila anachokimaliza Shaame hukipiga nukta tatu. Kitanda cha ndoa cha Bi Mwanakhamis kina nukta tatu. Jeneza la msikiti wa Wingwi, lililombeba mume wake, lina nukta tatu. Kumbe na hii ya Hafidh kaiunda yeye.

Spana ilianguka.

"Mardhiya. Toka."

"Bado bolti mb—"

"Toka, mwanangu, toka!"

Mlango ulijibamiza. Komeo la nje likalia.

"Msinifanyie makelele, jamani," sauti ya mlinzi ilisema kwa aibu. "Nimeambiwa nifunge tu."

*Saa saba na dakika tano.*

Mardhiya aliupiga mlango mateke mpaka kiatu kikachanika. Dirisha lilikuwa na nondo. Alitazama simu.

"Hajabipu."

"Habipu huyo," alisema Bi Mwanakhamis.

Alichomoa kisu cha kukatia kamba. Akafungua mfuniko wa pipa. Akashika kidole cha kwanza, akakikata shinani.

"Shangazi! Si yako hiyo?"

"Ndiyo maana naiua mwenyewe."

Cha pili. Cha tatu. Mpira ulikuwa ukilia chini ya kisu. Mardhiya alisimama, mkono mdomoni. Kisha akatafuta wembe mkobani, akaja upande wa pili. Walikata kimya kimya, kama wanawake wanaochambua mkekani, huku na kule, na vidole vikarundikana sakafuni. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Cha arubaini alikikata polepole.

*Saa saba na dakika ishirini.*

Komeo lilifunguliwa. Askari wawili. Hafidh, kanzu inang'aa, tabasamu la kwenye kibandiko. Nyuma yake Shaame, kichwa chini.

"Bi Mwanakhamis! Mtu mzima, unavunja ghala Ijumaa!"

Kisha akaona sakafu. Akaenda kwenye pipa, akatazama ndani. Upara mtupu. Akapiga magoti, kanzu nyeupe kwenye vumbi, akikusanya mipira kwa viganja viwili.

"Gundi! Leteni gundi! Shaame, utavibandika vidole, tuna saa moja na nusu!"

"Havibandikiki," alisema Shaame. "Vinatungwa kimoja kimoja. Kazi ya siku tatu."

"Basi fanya kitu!"

"Na jina langu? Ulisema leo litakuwa kwenye kibandiko."

"Jina gani, yakhe? Wewe fundi tu!"

Uso wa Shaame ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kulisikia neno hilo mahali pengine.

Askari mmoja alimfunga Bi Mwanakhamis pingu. Mardhiya akatukana, akafungwa naye. Walipofika mlangoni, Bi Mwanakhamis alisimama uso kwa uso na shemeji yake. Askari akamvuta. Hakusogea.

"Nani kampa mchoro?"

Shaame aliinua macho.

"Mimi. Siku ya hitima ya kaka, ulipokuwa uwani unapakua wali."

"Ulikula wali wangu ule."

"Niliula."

"Na hili ghala la leo? Ufunguo?"

"Mimi pia. Nilitaka ujue mtu akikunyang'anya inauma vipi." Alinyoosha mikono yake mbele yake. "Pipa lako la kwanza nani alilikunja? Ekseli nani aliipima, mara sita, mpaka ikazunguka? Nilikuuliza asubuhi, hukunijibu. Nilikuuliza mwaka jana, hukunijibu. Nakuuliza mara ya mwisho, mbele ya hawa. Jina langu uliliandika mstari gani?"

Nje watu walikuwa wakitoka msikitini, wakikusanyika kutazama. Ndani, Hafidh alikuwa bado anahesabu mipira. Bi Mwanakhamis aliiangalia mikono ya Shaame, makovu juu ya makovu. Kisha akaiangalia yake, mitupu, ndani ya pingu.

"Sikuliandika," alisema.